Tuliposhika ya Panadol, ya Medicaid yakapita: wenye usonji Marekani wanapigania nini hasa

Tangu ile tarehe 22 Septemba 2025 Trump aliposimama White House, pembeni yake waziri wa afya Robert F. Kennedy Jr., akawaambia wajawazito waachane na Tylenol eti inahusiana na usonji, magrupu ya WhatsApp hayajatulia. Kwanza watu walitaka kujua kama Tylenol ndo Panadol. Ndiyo, jina la dukani tu ndo tofauti, dawa iliyomo ni ileile paracetamol. Halafu akatokea jamaa na tangazo la mitishamba ya kuondoa usonji, halafu dada mmoja akaweka ile klipu ya Juni ya watu wenye viti vya magurudumu wanatolewa na polisi kwenye jengo la Seneti kule Washington, akauliza hawa nao wanaandamania nini, si serikali inawatafutia dawa?

Hilo ndo lilikuwa swali la maana kuliko yote na hamna aliyejibu, wote tukarudi kwenye Panadol. Na ndo shida yenyewe. Kelele ya nini kinaleta usonji imekuwa kubwa mpaka imefunika jambo lingine lililokuwa linapita kimyakimya mwaka huohuo, la Medicaid, bima ya serikali ya Marekani, yaani nani atalipia maisha ya mtu mwenye usonji akishakua mkubwa, na nani anatakiwa aulizwe kabla hilo halijaamuliwa.

Tuanze na maana ili tusipishane mbele. Usonji ni jinsi ubongo wa mtu unavyojijenga tangu utotoni kabisa, unagusa namna anavyoongea, anavyochangamana na watu, anavyopokea sauti na mwanga na kuguswa, na mara nyingi anataka mambo yaende kwa mpangilio uleule. Hauambukizi, hauletwi na kijicho cha jirani, wala sio mama kafanya kazi sana akamsahau mtoto. (Hilo la mama msicheke, miaka ya 50 na 60 wataalamu wakubwa wa Marekani, Bruno Bettelheim akiwa kinara wao, walikuwa wanawalaumu akina mama kwamba watoto wamekuwa hivyo kwa sababu wao hawana upendo.) Na watu hawafanani hata kidogo. Yupo mwenye usonji ambaye ni injinia ana mke na watoto, yupo asiyetoa neno hata moja na anahitaji mtu wa kumsaidia kuoga, na katikati hapo wamejaa, tena huyohuyo mmoja kitu alichokiweza leo kesho kinaweza kumshinda.

Nikisema kujitetea, ni pale mtu mwenye usonji mwenyewe anaposema anataka kuishi wapi na nani, anahitaji msaada gani na upi hautaki, halafu anaungana na wenzake kuibana serikali, badala ya daktari na mzazi na mbunge kukaa wakapanga yeye yupo pembeni anaangaliwa tu. Na huduma ni ile misaada ya kila siku ya kumwezesha aishi, nitaieleza chini kwa urefu maana ndo pesa ilipo.

Ya Panadol niyamalize haraka. Kuna utafiti wa Sweden ulitoka 2024, watoto kama milioni 2.4, na walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, huyu mama alitumia paracetamol akiwa na mimba yake na yule hakutumia, tofauti ya usonji haikuonekana. Homa kali ya mjamzito isiyotibiwa ndo ina madhara yanayojulikana, kwa hiyo muulize daktari wako, sio grupu. Madai kwamba chanjo ndo zinaleta usonji nayo yalishazikwa zamani, ile makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya 1998 iliyoanzisha zogo lote, jarida la kitabibu la Lancet lililoichapisha lenyewe liliifuta 2010. Na ile namba inayotisha watu, kwamba mwaka 2000 Marekani ilikuwa mtoto 1 kati ya 150 wa miaka 8 na sasa ni 1 kati ya 31, sehemu kubwa ni kwamba maana ya usonji imepanuliwa, walimu na madaktari wamejua kuuona, na wasichana na watoto weusi waliokuwa wanapitwa sasa wanapimwa. Basi, tuje kwa wenyewe.

Desemba 2007 jijini New York yalibandikwa mabango yameandikwa kama barua za watekaji nyara. Moja ilisema, kwa Kiswahili chetu: tunaye mwanao, tutahakikisha hataweza kujitunza wala kuchangamana na watu maisha yake yote, na huu ni mwanzo tu. Chini pamesainiwa Usonji. Na aliyeyabandika hakuwa mhuni, kilikuwa kituo cha watoto cha chuo kikuu cha NYU, nia yao eti kuwazindua watu. Sasa fikiria una miaka 15, una usonji, unasubiri basi uende shule, unasoma kwamba kilichomo kichwani mwako ni jambazi na wewe ulishachukuliwa zamani.

Kulikuwa na kijana anaitwa Ari Ne'eman, mwenye usonji, miaka 20 ndo kwanza alikuwa anaifikisha, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha na mwenzake Scott Robertson chama kinaitwa Autistic Self Advocacy Network, kwa kifupi ASAN, kinaongozwa na wenye usonji wenyewe. Wakaandika barua, wakakusanya saini, wakavuta vyama vya walemavu wa kila aina vikaungana nao, na ndani ya wiki mbili tatu mabango yakashushwa. Baadaye Obama akamteua Ne'eman kwenye Baraza la Taifa la Ulemavu. Mimi huwa nawaambia watu, ukitaka kuelewa hawa jamaa wanagombana na nini anzia kwenye yale mabango, maana Aprili 2025 Kennedy naye alisimama mbele ya kamera akasema kuna watoto wenye usonji ambao hawatalipa kodi, hawatashika kazi, hawataandika shairi, hawatatoka na mchumba. Baadaye akasema alimaanisha wale wenye hali nzito zaidi. Mtandaoni watu wenye usonji wakamwaga risiti zao za kodi na mashairi yao, vizuri tu, lakini wengine wakasema kitu ambacho mimi nakiona kizito zaidi: na yule ambaye kweli hatalipa kodi hata senti, kwani haki yake imepungua wapi?

Hawakuanzia sifuri pia. Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria yenye kifungu kinaitwa 504, kwamba taasisi yoyote inayopokea hela ya serikali kuu isimbague mtu mwenye ulemavu. Sheria ikapita, kanuni zake zikakaa kwenye droo miaka minne. Aprili 1977 walemavu kama 150 wakaingia jengo la serikali pale San Francisco wakagoma kutoka, wakalala humo zaidi ya wiki tatu, wengine ni watu wanaohitaji msaada hata wa kujigeuza usiku, na Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, ndo walikuwa wanawaletea chakula cha moto kila siku. Waziri akazisaini zile kanuni. Kauli yao mpaka leo ni kwamba lisiamuliwe lolote kuhusu sisi bila sisi. Na msidhani hayo ni ya zamani yakaisha, Septemba 2024 majimbo 17 yakiongozwa na Texas yalifungua kesi kupinga kanuni mpya za kifungu hichohicho, na kwenye maombi yao waliomba mahakama iseme kifungu chenyewe kinavunja katiba. Simu za wananchi zilipozidi kwenye ofisi zao wakaanza kulegeza.

Haya, sasa huduma. Mimi kazi yangu huku ni hii ya kuhudumia watu majumbani, kama Wakenya na Watanzania na Wakongo wengi tu mnaowajua, mkisikia mtu yuko Marekani anafanya shifti za usiku kuna uwezekano mkubwa ni hii. Nichukue kijana wa miaka 28, sio mtu mmoja halisi, nimechanganya wengi. Haongei. Asubuhi mhudumu anafika saa 1, hamkurupushi, anamwonyesha kwenye tableti picha za yanayofuata, mswaki, kuoga, chai, basi, na ukirukia moja bila kumwambia siku yote imeharibika na kosa ni lako. Saa 3 yuko supamaketi anapanga makopo kwenye rafu masaa manne, pembeni yupo mtu anayelipwa kumsaidia pale kazi inapomvuruga, labda spika zimeanza kupiga tangazo. Jioni anachagua chakula mwenyewe, anabonyeza picha ya pizza, sauti ya tableti inasema pizza, ukijifanya hujasikia anabonyeza tena mara tatu huku anakuangalia. Anaishi kwake. Ana funguo yake.

Yote hayo, mhudumu, msaidizi wa kazini, mara nyingi na hiyo tableti, anayelipa ni Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo na wenye ulemavu iliyoanza 1965, serikali kuu inatoa fungu lake na jimbo linaweka lake. Bima ya kazini kwa mzazi hailipii mtu wa kumsaidia mwanao kuoga kwa miaka 40, hakuna bima ya hivyo. Kwa hiyo Wamarekani hata wenye maisha ya kati mtoto wao mwenye usonji akikua wanajikuta Medicaid, wapende wasipende.

Na hapa ndo penye ugumu ambao hata wafanyakazi wa ofisi zenyewe wanauchanganya. Mtoto wa Medicaid chini ya miaka 21, sheria inalazimisha alipiwe karibu kila huduma ya afya anayoihitaji, na shule nayo inalazimika kumfundisha kwa sheria iliyoanza 1975. Akishafika 21 au 22, tap, imefungwa. Kuanzia hapo sheria inamlazimisha gavana alipie mtu mzima akiwekwa kituoni, yaani kwenye nyumba za kulelea wagonjwa na wazee, lakini karibu yote ya kumhudumia nyumbani kwake ni hiari ya jimbo. Jimbo linaomba kibali maalum Washington, linaweka idadi ya nafasi, zikijaa unaingia foleni. Mwaka 2024 foleni hizo nchi nzima zilikuwa na watu zaidi ya laki 7, na kuna majimbo kama Texas mtu anasubiri miaka zaidi ya 10. Wazazi wanaojua wanamwandikisha mtoto akiwa bado yuko chekechea.

Na hiari ukiwa na bajeti unajua mwisho wake. Mshahara wa baba ukikatwa nyumbani, kodi ya nyumba hamgusi maana mtatolewa nje, inayoanza kuondoka ni twisheni ya watoto, hata kama wote mnajua twisheni ndo ilikuwa inamsaidia yule wa mwisho. Gavana naye anafanya hivyohivyo.

Kuna kinga moja ya mahakamani. Georgia kulikuwa na wanawake wawili, Lois Curtis na Elaine Wilson, wenye ulemavu wa akili na maradhi ya akili, madaktari wao wenyewe walishasema wanaweza kuishi nje ya hospitali lakini jimbo likawaacha humohumo. Curtis ndo alikuwa anapiga simu kwa mawakili anaomba atolewe. Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kumfungia mtu kituoni bila sababu ni ubaguzi chini ya sheria ya walemavu ya 1990. Curtis akatoka, akawa mchoraji, 2011 akampelekea Obama mchoro wake mkononi. Kesi inaitwa Olmstead na wanaharakati wanaitaja kama Wakristo wanavyotaja aya. Ila mahakama ilisema pia kwamba bajeti ya jimbo inaangaliwa, kwa hiyo kinga ipo lakini ina tundu.

Sasa rudi 2025. Tarehe 4 Julai Trump akasaini ile sheria yake kubwa ya kodi na matumizi, ndani yake fedha za serikali kuu za Medicaid zinapungua kwa zaidi ya dola bilioni 900 kwa miaka 10, na ofisi ya bajeti ya bunge ikakadiria watu kama milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima kufikia 2034. Hiyo klipu ya viti vya magurudumu ni siku chache kabla ya hapo, walikuwa wanapinga hiyo sheria. Watetezi wa sheria wanajibu kwamba walemavu hawajaguswa, na kwenye karatasi kuna ukweli, maana sharti jipya la kufanya kazi masaa 80 kwa mwezi halimhusu mtu mwenye ulemavu wala anayemtunza. Lakini lazima uthibitishe. Kuna watu wazima wengi wenye usonji hawana cheti chochote cha ulemavu cha serikali, wako Medicaid kwa sababu ya kipato tu, sasa huyu ambaye simu ya ofisini inamtia kiwewe ndo anatakiwa ajaze fomu, atafute barua ya daktari, na kuanzia mwisho wa 2026 ahakikiwe kila miezi 6 badala ya mwaka. Arkansas walijaribu sharti kama hilo 2018, ndani ya miezi michache watu zaidi ya 18,000 wakakatwa kabla jaji hajasimamisha, wengi wao fomu tu ziliwashinda au hawakujua kama kuna fomu.

Halafu kuna ile hiari niliyoisema. Sheria haijaandika popote kwamba kijana wetu wa pizza akatwe mhudumu, ila imelipunguzia jimbo hela, na jimbo ndo litakuja kuandika. Anaweza asifutwe kabisa, akapunguziwa masaa, kutoka 40 kwa wiki hadi 25, na hayo 15 yaliyobaki mama yake wa miaka 67 ndo atayaziba, au hayazibwi. Na wahudumu wenyewe mishahara ni midogo kiasi kwamba wengi wao wako kwenye Medicaid hiyohiyo.

Kuna hoja moja huwa inarudi kila mara, nimeisikia hata kwa wazazi wa kwetu: hawa wanaojitetea ni wale wenye usonji mwepesi, wanaongea, wanavaa suti, watajuaje ya mwanangu asiyeongea? Naielewa hasira iliyomo, maana mama anayebadilisha nepi ya mtu wa miaka 30 saa 9 usiku hana muda wa nadharia. Lakini angalia wanachokipigania. Massachusetts kuna kituo kinaitwa Judge Rotenberg Center ambako wakazi, wengi wenye usonji na hali nzito kabisa, wamekuwa wakifungwa mashine mwilini inayopiga shoti ya umeme kwenye ngozi, mfanyakazi anabonyeza rimoti mtu akifanya kosa. ASAN wameipigia kelele miaka na miaka. FDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, ikaipiga marufuku 2020, mahakama ikafuta marufuku 2021, bunge likarekebisha sheria mwishoni mwa 2022 kuipa FDA nguvu, 2024 FDA ikaanza upya mchakato. Wanaovaa suti ndo waliokuwa wanasukuma hayo kwa ajili ya wasioongea. Vilevile ile ruhusa ya tangu 1938 ya kumlipa mlemavu chini ya kima cha chini, utawala wa Biden ulipendekeza kuiondoa Desemba 2024, Julai 2025 pendekezo likaondolewa, na ambaye angenufaika ruhusa hiyo ikifutwa sio mwenye usonji ambaye ni profesa.

Na kutoongea sio kutokuwa na la kusema. Kuna wenye usonji wasioongea kabisa wanaoandika kwa tableti wakatoa ushahidi kwenye kamati za serikali. Yule anayebonyeza pizza mara tatu naye anajitetea, kwa kiwango chake, na sheria za karibuni za baadhi ya majimbo, Texas ikiwa ya kwanza 2015, zinaruhusu mtu achague watu wa kumsaidia kuamua badala ya kuwekewa msimamizi anayesaini kila kitu kwa niaba yake.

Wala hawapingi tiba kama inavyosemwa. Kifafa kitibiwe, tumbo litibiwe, usingizi utibiwe. Wanachouliza ni kwa nini sehemu kubwa ya hela za utafiti inaenda kutafuta chanzo na jeni, na inayobaki kwa huduma na maisha ya watu wazima ni kiduchu. Ukisikia hivyo na ukakumbuka kwamba 2025 wakubwa wa serikali walikuwa wanaongelea chanzo na Tylenol, mwaka uleule mafungu yalipopunguzwa, utaelewa hasira yao inatoka wapi.

Kwa Waswahili mlioko Marekani, hasa ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi mlioingia kama wakimbizi, kuna kipengele ndani ya sheria hiyohiyo hakitajwi sana. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 kuwa mkimbizi au kupewa hifadhi hakutatosha tena kupata Medicaid ya kawaida, itabidi uwe umeshapata grinikadi, na mkimbizi anaruhusiwa kuiomba akishatimiza mwaka mmoja nchini. Kuna majimbo yana mpango wa pembeni wa watoto na wajawazito, muulize ofisi ya jimbo lako. Kama una mtoto mwenye usonji na hujaomba grinikadi, anza sasa, na wakati huohuo mwandikishe kwenye foleni ya huduma za nyumbani hata kama ana miaka 4 na leo hazihitaji. Na ukihama nyumba wape anwani mpya, maana barua ya kuhakikiwa wanaituma pale walipokuandika mwanzo, na isipojibiwa wanakata.